Kabla Sijafuta Ufunguo Wako

Fundi Salehe,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, halafu mkono ukasita, kwa sababu wewe hukuwahi kuiacha shikamoo yangu bila jibu. Hata ukiwa umelala chali chini ya meza, bisibisi mdomoni, ulikuwa unaguna "marahaba, mwanangu" kabla sijatua mkoba. Basi marahaba ya leo nimejiitikia mwenyewe, na ninaendelea.

Nipo ofisini Tarime, chumba chetu cha nyuma. Wenzangu wamekwenda kula. Kiti chako nimekisogeza ukutani, na mtu akitaka kukikalia namwambia mguu wa kiti umelegea, ingawa ni mzima kabisa. Mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta kuna jina lako, kwa herufi ndogo kama ulivyoliandika mwenyewe ulipofunga mitambo: salehe. Leo lazima nilifute, pamoja na ufunguo wako. Nataka kukwambia kwa nini nafanya hivyo na kwa nini nimechelewa, maana hukupenda mtu abonyeze kitu bila kutaja sababu yake kwa sauti.

Mama Zuhura, mkeo, ameniomba nikimaliza kuandika nimsomee. Anasema miaka yote ulikuwa unarudi nyumbani ukinung'unikia funguo, naye akidhani ni za makufuli ya ghala. Kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo ambayo wewe ndiye uliyenifundisha.

Mama, sehemu hii ni yako. Tangu rashi, yaani mbio za watu kuikimbilia dhahabu, ipambe moto, watu wamemiminika huku kwetu kutoka Geita, Shinyanga, Singida na kwingine nisikokujua, kila mmoja na sururu yake. Wakipata dhahabu wanataka kuiuza pale pale, na kampuni yetu inanunua. Ina kituo Kewanja, kingine Issenye, kingine Nyambureti, na kila kituo kina mizani, kompyuta na karani. Karani akipima, uzito unakuja hapa Tarime, na kutoka hapa inarudi bei ya wakati huo. Kutoka hapa pia anaambiwa gari la kuchukua mzigo litafika lini na litapita njia ipi. Hayo maneno ya gari ndiyo yanayotisha. Mtu mbaya akiyapata hana haja ya kuvunja mlango; anakwenda kukaa kwenye kona na kusubiri. Na ndani ya gari hilo anakaa karani mwenyewe, kwa sababu ndiye anayesindikiza mzigo alioupima.

Ndiyo maana mumeo alijenga njia ya siri kati ya vituo na ofisi, ile ambayo mafundi wanaiita VPN. Maneno yanapita kwenye minara ile ile ya simu wanayotumia watu wote, lakini yamefungwa kwa ufunguo. Anayeyanasa njiani anaona takataka tu. Ufunguo wenyewe haupaswi kukaa sana. Ukikaa, anayenasa anapata nafasi ya kuuchokonoa, na akiupata anafungua yote yaliyofungwa nao. Kwa hiyo mtambo wa huku na wa kule hupatana ufunguo mpya kila baada ya muda, na wa zamani unatupwa. Swali ni muda gani. Hapo ndipo mumeo alipogombana na ofisi nzima, mimi nikiwemo.

Wewe Fundi ulitaka ubadilishwe kila saa. Meneja alitaka ukae wiki nzima, kwa sababu kila ulipobadilishwa njia ilikatika. Hapa Tarime hatukuona shida. Ilikatika, ikarudi kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Lakini Nyambureti mnara uko mbali na mtandao unasuasua. Mitambo ilianza kupatana, nusu ya maneno ikapotea njiani, ikaanza upya, ikakata tena. Rhobi, karani wetu wa kule, alikuwa anabaki bila njia huku foleni ya wachimbaji ikirefuka mbele ya mizani. Akipiga simu kulalamika, wewe ulikuwa na jibu moja: "Mwambie avumilie. Dhahabu ina masikio." Nilikuona mkaidi, na nilikwambia hivyo hivyo usoni. Ukanijibu kwamba mkaidi humtambua mwenzake, ukaendelea kunywa kahawa yako chungu.

Unaikumbuka siku ya Marwa? Keshia wetu alikuwa kwenye mgahawa wa jirani anakula ndizi na nyama. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, spika wazi, kwa sababu vidole vilijaa mchuzi. Aliyekuwa anaongea upande wa pili ni Rhobi. Njia ilikuwa imekata tena, na Rhobi, badala ya kuvumilia, alikuwa anataja uzito wa siku nzima kwa simu ya kawaida na kuuliza gari linakuja kupitia wapi. Wote wawili walikuwa wanaongea Kikurya, bila wasiwasi hata kidogo. Mgahawa ulijaa wageni wa machimbo, Wasukuma na Wanyaturu, na wao wakajiona wamejificha salama ndani ya lugha ya nyumbani. Meza ya nyuma ya Marwa ulikaa wewe na kofia yako.

Watu wa hapa hawakukujua vizuri, Fundi. Wanaona kofia, wanasikia kwamba babu yako alikuja kushona nguo akitokea Tanga, wanahitimisha kwamba unajua Kiswahili tu. Wanasahau ulizaliwa mtaa huu huu na kuchunga mbuzi pamoja na watoto wa Kikurya. Ulielewa kila neno: uzito, barabara, saa. Ulimsogelea Marwa ukamwambia kwa Kikurya safi amalize kula taratibu, maana gari la leo halitoki. Marwa mwenyewe alinisimulia kwamba ndizi ilimkwama kooni. Wewe ulijua, na mimi nilijua, kwamba wanaoweza kulingoja gari kwenye kona si lazima watoke Shinyanga. Wengine ni wa kwetu, na Kikurya wamekisikia tangu wakiwa mgongoni.

Nilidhani utamfukuzisha Rhobi kazi. Ulikuja ukakaa kwenye hiki kiti nilichokisogeza, ukavua kofia, ukasema: "Mlango nimeuweka mimi. Ni mzito mno, ndiyo maana mtoto wa watu anapitia dirishani."

Tukaenda kwake. Tulipanda gari hadi Mugumu, halafu bodaboda mpaka Nyambureti, wewe umeshika begi la vifaa tumboni kama mama mjamzito, na dereva anakuuliza kama humo ndani kuna mayai. Rhobi alikupokea kwa adabu na kwa ulimi wake ule ule. "Shikamoo Fundi. Karibu uone mwenyewe. Hiki kidude chako kina hasira kuliko mume wangu." Ukakaa kwenye kreti tupu pembeni ya mizani, ukasubiri kidude kikasirike.

Hakikuchelewa. Mchimbaji mmoja alikuwa mbele, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, limempaka mpaka kope, dhahabu yake imo kwenye kisahani, na njia ikakata. "Dada, mnatuchezea," akasema. "Bei ikipanda tu, netiweki inakufa!" Wa nyuma yake wakaanza kupaza sauti. Mgambo akashika fimbo yake vizuri. Rhobi hakumtazama mtu. Alifunika kisahani kwa kiganja na kungoja. Nilikiona kiganja kile, na wewe ulikiona. Njia iliporudi na watu wakatulia, alikugeukia akasema kwa sauti ya chini: "Fundi, wale wa barabarani nawaogopa. Lakini hawa wako hapa hapa, na mimi niko peke yangu." Ulimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, ukampa.

Kwetu si mbali na pale, kwa hiyo nikakupitisha ukamsalimie tata, baba yangu. Tulimkuta kwenye mlango wa zizi anabadilisha miti ya kukinga ng'ombe, ile inayolazwa kukingama mlangoni, maana mchwa walikuwa wameila. Alikutazama toka kofia mpaka viatu. "Huyu Mswahili amekuja kununua ng'ombe au kuhesabu miti yangu?" Ukamjibu kwa Kikurya kwamba umekuja kuposa ndama, akacheka mpaka akajishika nguzo. Baada ya hapo mlielewana kama mliozaliwa nyumba moja, na mimi nikawa mgeni.

Ulisimama ukimtazama anavyofanya kazi mpaka uji wako ukapoa. Alikuwa anaupitisha mti mpya juu ya ule wa zamani, anaukalisha, anautikisa kwa nguvu zote, ndipo anauvuta uliooza. Ukamuuliza kwa nini hauondoi kwanza ule mbovu apate nafasi. Tata akashangaa kweli. "Nikiutoa wa zamani kwanza, ng'ombe watanisubiri?" Ukamuuliza tena, basi kwa nini asiache yote miwili, mlango uwe na nguvu zaidi. "Uliooza ukibaki," akasema, "mwizi ataushika huo huo." Uligeuka ukanitazama, na nikaujua ule uso wako wa mtu aliyeshika ncha ya uzi. Kuanzia hapo mpaka Tarime hukusema neno ila moja: "Tunang'oa kwanza, Ghati. Sisi tunang'oa kwanza."

Na kweli tulikuwa tunang'oa kwanza. Mtambo wetu ulipoona muda umekwisha ulikuwa unautupa ufunguo wa zamani, halafu ndipo unaanza kutafuta mpya, katikati ya mtandao mbovu, na watu wamesimama mbele ya mizani. Ulikaa hapa ukaugeuza. Sasa mitambo inaanza kupatana mapema, wa zamani ukiwa bado unafanya kazi. Ikishindwana inajaribu tena na hakuna anayejua. Mpya ukishakaa na kujibu, wa zamani unaachwa kidogo umalizie maneno yaliyochelewa njiani, kisha unatupwa bila huruma. Ukarefusha na muda, si kila saa tena wala si wiki ya meneja. Ukaweka asubuhi kabla mizani haijafunguliwa, na mchana wakati wachimbaji wanakula. Meneja alisema umekubali kushindwa. Ulimwambia umekubali kwamba Nyambureti haiko Tarime.

Nilifikiri tumemaliza. Halafu umeme ukakatika mji mzima, uliporudi vituo vyote vikajiunga kwa pamoja, na tangu hapo vyote vikawa vinataka ufunguo mpya kwa wakati mmoja. Mtambo wa hapa ukazidiwa, vikaanguka vyote. Wewe ulikasirika, mimi nilicheka, kwa sababu kwetu hata mtoto anajua kwamba ng'ombe wa maboma matatu hawateremshwi mtoni pamoja. Nilikwambia kila kituo kipishane na mwenzake kidogo, na kisiwe na zamu moja isiyobadilika. Uliniachia kibodi. Hiyo ndiyo sifa pekee uliyowahi kunipa, na ninaitunza.

Lililokuchukua muda mrefu zaidi ni lile la kimya. Mtambo wa ofisi una tabia ya kumuuliza wa kule, "upo?" Asipoitika baada ya kuulizwa mara chache, unaamini amekufa na kumfuta, hata kama yupo na jibu lake liko njiani linajikokota. Nyambureti ilikuwa inafutwa hivyo mara kwa mara. Ulikuwa unaongeza subira kidogo kidogo, unajaribu, unaongeza tena, na kuipunguza ilipozidi, maana ukisubiri kupita kiasi unamwachia mlango wazi mtu asiyekuwepo. "Mtu hazikwi kwa sababu amechelewa kuitika," ulikuwa unaniambia. "Lakini na aliyekwenda asiachiwe kiti." Nilidhani unaongea habari za mitambo tu.

Halafu presha ikakuangusha ukitoka msikitini, na siku hiyo hiyo kabla ya alasiri ukawa umezikwa.

Sikukuaga, Fundi. Hilo ndilo linalonichoma. Kwetu marehemu tunakaa naye, watu wanalia, wanasema walichokuja kusema, ndipo anashushwa. Kwenu nilifika nikakuta jeneza liko mlangoni linatoka, wanaume wamelibeba mabegani wakikimbia nalo, na sisi wanawake tukabaki ndani kwenye mikeka. Nilikaa karibu na Mama Zuhura nikiwa nimejifunga khanga ya kuazima kichwani. Nilitaka kumuuliza makaburi yako upande gani ili angalau niangalie huko, nikaona aibu. Nililia kwa sauti ya Kikurya, akina mama wakanipapasa mgongo, na mmoja akaniambia kwa upole nipunguze.

Kazini nilirudi, na njia zako zilikuwa zinafanya kazi. Hilo lilinikera. Nilitaka angalau kitu kimoja kisimame. Asubuhi funguo zilibadilika, mchana zikabadilika, Rhobi akapima, bei ikaenda, gari likatoka na kurudi. Rhobi alinipigia kunipa pole akasema: "Ghati, hiki kidude hakina hata habari kwamba mwenyewe hayupo." Tulilia wote wawili kwenye simu, mizani yake ikiwa imejaa.

Sasa nikueleze kilichotokea. Asubuhi moja baada ya arobaini yako nilifungua orodha ya walioungana na mtandao, nikaona jina lako. Salehe, yupo. Sikupiga kelele. Nilikaa tu, na nitakwambia ukweli wote: kwa muda niliamini. Nilitamani kukuandikia shikamoo. Nilipopata akili nikampigia Mama Zuhura. Kumbe binti yenu alikuwa ameiwasha kompyuta yako kutafuta picha yako ya kutundika ukutani, na kompyuta, kama ulivyoifundisha, ilijiunga yenyewe na kazini. Nilimwambia hakuna neno. Niliiacha. Siku zilizofuata walikuwa wanaiwasha kutazama picha, na mimi nilikuwa naona jina lako linakuja, linakaa, linaondoka. Nilizoea. Nilianza kulingojea.

Meneja naye aliliona. Aliniambia kwa upole nifute ufunguo wako. Nikamjibu vibaya, mbele ya Marwa, kwamba kama ana haraka ya kufuta watu aanze na yeye mwenyewe. Unanijua. Aliinamia karatasi zake, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifokea.

Wiki hii Mama Zuhura alinipigia kunipa habari njema. Mpwa wako wa Sirari anaanza biashara ya kuchapa na kunakili pale mpakani, na familia imekubaliana apewe kompyuta yako. Atakuja kuichukua kesho. Nilimpongeza, nikakata simu, ndipo nikaiwaza kompyuta yenyewe. Kompyuta itakaa dukani mpakani, inaguswa na kila apitaye, na ndani yake ufunguo wako, si mmoja wa zile zinazobadilika kila siku bali ule wa bwana mkubwa wa mtandao mzima, unaoonyesha kila uzito na kila safari ya gari. Mpwa wako ni kijana mwema. Lakini anayekaa ndani ya gari lile ni Rhobi. Nikakumbuka mkono wake juu ya kisahani, nikamkumbuka tata na mti wake. Uliooza ukibaki, mwizi ataushika huo huo. Samahani kwa kukufananisha na mti ulioliwa na mchwa, Fundi. Wewe hukuoza. Ni ufunguo.

Nilikwenda kwa meneja nikamwomba radhi, nikamwambia nitaufuta. Alifurahi, akasema niufute saa hiyo hiyo. Nikakataa tena, na safari hii sikukataa kwa ajili ya machozi. Vituo vyote vilikuwa vinapokea amri kutoka kwa ufunguo wako peke yake. Wewe ndiye uliyevifunga, na hukuwahi kuwaza kwamba utaondoka. Ningeufuta bila kuweka mwingine, vingekosa wa kuviongoza. Mtandao ungekata katikati ya soko, na Rhobi angerudi kwenye simu ya kawaida na Kikurya chake. Nilimwambia meneja: mti mpya kwanza. Hakuelewa, akaniachia.

Basi nimezunguka. Kewanja niliweka ufunguo wangu, nikautikisa kwa kila njia niliyoijua, ukashika, nikauondoa wako. Issenye hivyo hivyo, mvua ikinyesha na mwendesha bodaboda akinisubiri barazani kwa manung'uniko. Jana nilikuwa Nyambureti. Rhobi aliniona nafungua begi lako la vifaa, akajua. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

Imebaki hapa ofisini tu. Nimempigia Mama Zuhura sasa hivi nikamwambia ukweli wote, kwamba nikibonyeza, kompyuta yake haitaingia tena kazini kwako, ila picha zitabaki na atahamishiwa kwenye simu. Alikaa kimya kirefu. Sikumkatia. Mwishowe akasema: "Acha niiwashe mara ya mwisho, mwanangu, umwone akiingia." Ameiwasha. Jina lako limekuja. Salehe, yupo. Yeye yuko kule na kompyuta mapajani, mimi niko hapa, simu iko sikioni. Huku nako Nyambureti iko wazi, Rhobi anapima, namba zake zinaingia moja baada ya nyingine.

Uliniambia kwamba ufunguo ukibadilishwa vizuri, mtu wa mwisho kule hajui kama kuna kilichobadilika. Naweka kalamu chini kidogo.

Nimefuta, Fundi.

Jina limetoka. Mama Zuhura amesema "Inna lillahi" taratibu, akafunga kompyuta, nimesikia kifuniko. Nyambureti haikukata. Namba za Rhobi zimeendelea kuingia, kisha akaniandikia kupitia njia yako kwamba foleni ni ndefu na leo mtandao ni mtamu. Hakujua. Kule kwenye mizani hakuna hata mmoja aliyejua kwamba umeondoka saa hii. Mimi nimejua, na nadhani hivi ndivyo nilivyotaka kukuzika: mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama pale pale unaposhushwa.

Nenda salama, Fundi. Nakuahidi funguo zitabadilishwa kwa wakati wake, asubuhi na mchana, na sitaung'oa wa zamani kabla mpya haujashika, hata meneja aje na fimbo. Nakuahidi Nyambureti ikinyamaza nitaiuliza na kuingoja kabla sijaamini. Na siku nitakayomfundisha mtu kazi hii, nitamkalisha mtu huyo kwenye kiti chako, kwa sababu mguu wa kiti ni mzima.

Wewe nimekuuliza kwa mara ya mwisho kama upo. Nimengoja muda wote ulionifundisha kungoja, na kidogo zaidi.

Mwanao wa kazi,
Ghati